Mbinga hadi Mbamba Bay na familia: Mteremko wa kilomita 67 unaotaka dereva mtulivu

Kilomita 67 si kitu. Kwa lami ni mwendo wa saa moja na ushee, na dereva aliyetoka Dar es Salaam, akalala Makambako na kupita Songea, akifika Mbinga hujiona ameshamaliza safari. Bado. Sehemu inayotaka akili zaidi ndiyo kwanza inaanza.

Mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay yako kwenye mita 475 hivi. Maana yake ni kwamba kati ya mji na ufukwe gari linashuka zaidi ya mita 800. Na halishuki moja kwa moja. Linazunguka vilima, linapanda kidogo, linashuka tena, kona baada ya kona.

Wanaopenda video za familia zinazokatiza milima ya Himalaya wamezoea kusikia habari za hewa nyepesi. Njia ya Khardung La huko Ladakh, India, iko juu ya mita 5,300, na abiria huumwa kichwa, hutapika na kuishiwa pumzi. Umatengo haufiki huko. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi, na milima ya Mbinga iko chini ya hapo. Kwa hiyo bibi anayeogopa kupanda mlima kwa sababu ya kifua anaweza kutulia. Huku shida haiko kwenye kupanda, iko kwenye kushuka.

Lami imebadilisha mambo

Zamani njia hii ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kipande cha kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga kiliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia (MCC). Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay kikafuata baadaye kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB). Mbamba Bay sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Lami ni neema, lakini ina tabia moja mbaya: inamfanya dereva asahau mlima. Kwenye tope kila mtu alikuwa anashuka mdogo mdogo kwa sababu hakuwa na namna. Kwenye lami gari linateleza lenyewe, kasi inapanda bila kukanyaga mafuta, na mguu unahamia kwenye breki na kubaki hapo.

Kabla ya Mbinga kuna Kitai, ambako malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka huingia barabara kuu. Ni mazito na hayana haraka. Usilazimishe kulipita lori kwenye kona kwa sababu tu watoto wanauliza "tumefika?"

Breki zinachemkaje?

Breki haziufuti mwendo wa gari, zinaugeuza kuwa joto. Pedi inabana diski, msuguano unatokea, gari linapungua kasi, na joto linabaki kwenye chuma hadi upepo ulipoze. Kwenye tambarare unagusa breki mara moja moja, chuma kinapata nafasi ya kupoa. Kwenye mteremko mrefu hakipati.

Hesabu ndogo inasaidia. Chukua Noah yenye baba, mama, bibi, watoto watatu na mabegi. Yote pamoja inakaribia tani mbili. Kulishusha gari hilo mita 800, kama kazi yote ingeachiwa breki, kungetoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya ndoo mbili za maji za lita 20. Joto lote hilo linaingia kwenye vyuma vichache vilivyo nyuma ya rimu.

Likizidi, mambo mawili hutokea. Pedi hupoteza nguvu ya kushika, kwa hiyo unakanyaga zaidi na gari linapungua kidogo tu. Halafu oili ya breki, hasa ile iliyokaa miaka bila kubadilishwa na kunyonya unyevu, huchemka na kutoa mapovu. Oili haibonyei, mapovu yanabonyea. Ndiyo maana mguu unazama hadi chini na gari linaendelea kama halijasikia. Dereva atasema breki "zimefeli ghafla". Hazikufeli ghafla, zilikuwa zinapikwa kwa dakika ishirini.

Dawa yake ni gia. Madereva wa zamani wana kanuni yao: mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Ukiwa kwenye gia ya pili au ya tatu, injini yenyewe inalizuia gari, na breki unazigusa kwa vipindi tu, unapunguza mwendo kisha unaachia. Gari la otomatiki nalo lina gia hizo. Herufi L, namba 2 au alama ya S kwenye kiwiko cha gia hazikuwekwa kwa urembo, na kitufe cha O/D kizimwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya kona.

Kuna wanaoweka gari fri ili kuokoa mafuta. Hapa ukweli ni kinyume kabisa. Gari la kisasa la injini ya sindano linaposhuka likiwa kwenye gia, bila kukanyagwa, hukata mafuta yenyewe. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Unahatarisha familia halafu hata hicho ulichofuata hukipati.

Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, tafuta sehemu pana na usimame. Usimwagie maji rimu, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Acha gari kwenye gia, weka jiwe mbele ya tairi maana gari linaangalia bondeni, na subiri nusu saa. Ukiondoka, litoe jiwe hilo barabarani. Anayekuja nyuma yako naye ana watoto.

Nusu saa hiyo kuna cha kuangalia

Na ni bora kusimama hata kama breki ni nzima. Masikio ya watoto yanaziba wakati wa kushuka kwa sababu hewa inazidi kuwa nzito. Mpe mkubwa pipi au maji ameze, mchanga anyonye. Anayetapika kwenye kona akae dirishani, aangalie mbali, asishike simu.

Kwenye miteremko ya Umatengo utaona mashamba yaliyotobolewa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro. Wamatengo wanalima hivyo kwa zaidi ya karne moja. Mvua zikielekea mwisho, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ikatengeneza vyumba vya mraba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba unachimbwa na kufukia zile nyasi. Kinabaki shimo, na pembeni yake tuta lenye mbolea ndani. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake ndio wanaochimba. Juu ya matuta hupandwa maharage, msimu unaofuata mahindi.

Ujanja wake uko kwenye mvua. Maji yanayoporomoka mlimani yanakutana na mashimo maelfu. Kila moja linakamata kidogo, tope linatua humo, na udongo unabaki shambani badala ya kwenda mtoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, wameutafiti mfumo huu kwa miaka. Ukifikiria vizuri, ni kanuni ile ile ya dereva: usiache kitu kizito kishuke mlima kwa kasi yake chenyewe.

Pembeni ya ngoro kuna kahawa ya arabika, zao lililojenga nyumba nyingi za matofali unazoziona Mbinga. Ukipita katikati ya mwaka utaikuta imeanikwa kwenye vichanja.

Chini kabisa

Joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Sweta la Mbinga la mwezi wa sita linakuwa mzigo kabla hujafika ufukweni. Kisha ziwa linatokea, na kwa anayeliona mara ya kwanza ni bahari tu.

Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika, lina kina cha mita 700 hivi, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Kwa tumbo la msafiri, la muhimu ni mbasa wa kukaanga na dagaa wanaoanikwa mchangani.

Anayeendelea kaskazini hadi Liuli, akiuliza kwanza hali ya barabara, atafika mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza.

Kuhusu kuogelea, muulize mwenyeji kwanza. Midomo ya mito ina mamba, sehemu za majani na maji yaliyotulia zinaweza kuwa na kichocho, na upepo wa kusi katikati ya mwaka huinua mawimbi yasiyofaa mtoto wala mtumbwi.

Homa haiji siku ya safari

Jambo ambalo familia nyingi kutoka maeneo ya baridi hulisahau ni mbu. Kandokando ya ziwa kuna joto na malaria ipo mwaka mzima. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya milimani anaweza kuwa hana kinga ya kutosha. Hivyo chandarua kiingie kwenye begi kabla ya nguo za kuogelea, hata kama nyumba ya wageni inasema kipo.

Vimelea vya malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu mbu aume hadi homa ianze. Wakati huo familia imesharudi, shule zimefunguliwa, na hakuna anayekumbuka ziwa. Homa inachukuliwa kuwa ni mafua ya baridi na mtoto anapewa panadol. Ikitokea ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, nenda akapimwe siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia mganga ni kwamba mtoto alilala Mbamba Bay, na tarehe zenyewe.