Samaki wako akitoa mwanga gizani

Stima zikipotea usiku huko Umoja, Kayole au Buruburu, huenda ukaona kipande cha samaki wa baharini kikitoa mwanga wa kibuluu jikoni. Usikimbilie kusema ni majini.

Hao ni bakteria, mara nyingi aina iitwayo Photobacterium phosphoreum. Hupenda chumvi na huzaana hata ndani ya friji. Jamaa yao Vibrio fischeri alisomwa jenomu yake yote mwaka 2005: ana kromosomu mbili, sawa na kijidudu cha kipindupindu, ambacho ni wa ukoo huo huo. Jeni zake za mwanga, zinazoitwa lux, hulala akiwa peke yake. Kila mmoja hutoa kemikali. Ikijaa, wote hutambua kuwa wako wengi, wakawaka pamoja.

Kwa samaki wako pia, jicho halioni mwanga mpaka wadudu wawe mamilioni. Mwanga wenyewe haudhuru. La kuogopa ni histamini, sumu ambayo baadhi ya bakteria hawa, na wengine wasiowaka, huitengeneza katika jodari na nguru. Moto huua bakteria lakini histamini hubaki, hata ukaange mpaka wakauke! Muda mfupi baada ya kula uso huwa mwekundu na kuwasha, kichwa huuma, moyo huenda mbio. Wengi hudhani ni mzio. Pumzi ikibana, kimbia hospitalini.

Mimi ningemtupa, ghali au rahisi. Na kabla ya kununua mwingine, muulize mchuuzi alitoka Mombasa lini na kama alisafirishwa kwa barafu.