Mkono wa Bukari, Upepo wa Bahari

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Zambia, baada ya kilomita 90 hivi unafika Kasumbalesa, na hapo kulia na kushoto vinapokezana zamu. Kongo tunaendesha gari upande wa kulia wa barabara, tulivyorithi kwa Wabelgiji. Wazambia wanaendesha kushoto, walivyorithi kwa Waingereza. Dereva wa lori la shaba anayeelekea Dar es Salaam anapita kizuizi, anahama upande, safari inaendelea. Mikono yake ni ileile. Mpaka ule hunikumbusha kila mara swali ambalo mjini halinijii: haya maneno mawili tuliyapata wapi?

La kwanza linajieleza lenyewe. Kulia kwa machozi kumekutana nalo kwa sauti tu. Neno letu limetoka kwenye kula, likaongezewa kiambishi cha kutendea: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, ule unaomega tonge la bukari, yaani ugali, na kulichovya mbogani. Waswahili wa pwani hawakuliwaza peke yao. Wabemba, majirani zetu wa Luapula, husema kulyo, kutoka kulya, yaani kula. Waluba husema lundyo. Nenda mbali zaidi: Wanyarwanda wana iburyo, Wakikuyu wana ũrĩo, Washona wana rudyi, na Wazulu, kule karibu na mwisho wa bara, wanauita isandla sokudla, kiganja cha kula. Kuanzia Mlima Kenya hadi Durban, tumbo ndilo lililoubatiza mkono.

Kushoto je? Hapa ukoo unatawanyika. Kibemba kina kuso na Kiluba kina lunkuso. Wamepakana, kufanana kwao hakushangazi. Kinyarwanda na ibumoso yake, Kikuyu na ũmotho yake, Kikongo cha upande wa Atlantiki na lumonso yake, hao wanaonekana ndugu wa mbali. Lakini Waganda wanasema kkono, Washona ruboshwe, nasi shoto. Mkono mmoja umepewa maana ambayo hata mtoto anaweza kuifumbua. Mwenzake umepewa majina ambayo wenyewe tumesahau yalimaanisha nini.

Ulaya na India mambo ni hayohayo. Dexter ya Kilatini, dexios ya Kigiriki na dakshina ya Kisanskriti zimechipuka kwenye shina moja la kale sana lenye maana ya kulia. Kwa kushoto hakuna shina la pamoja la namna hiyo. Mara nyingi kila lugha ilijitafutia lake. Maelezo ya wanaisimu ni mwiko. Kitu kinachoogopwa hakitajwi, hupewa jina la kukwepa, nalo jina la kukwepa likizoeleka hunuka vilevile, likatafutwa jingine. Sisi tuliolelewa kumwita nyoka kamba usiku hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wagiriki waliuita mkono wa kushoto aristeros, neno lililotoka kwenye maana ya ubora, kama mtu anayembembeleza mbwa asimng'ate.

Kifaransa chetu cha ofisini kina kisa cha aina hiyo. Zamani Wafaransa walisema senestre, mtoto wa sinister ya Kilatini. Baadaye gauche, neno lililohusu kupinda na kwenda upande, likalisukuma nje. Leo mtu akiitwa gauche, maana yake ni mvunja sahani. Sinistre nayo imebaki kazini kwenye kampuni za bima: gari lako likiungua, faili linafunguliwa kwa jina hilo. Wakati huohuo droit, iliyonyooka, imepanda cheo hadi kuwa sheria yenyewe.

Katika Lubumbashi kuna msamiati mwingine, nao hauzungumzii chakula. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wanaujua mkono wa kuume. Mwenzake uliitwa wa kike. Familia zilizotoka Kasai kuja kufanya kazi kwenye migodi zilileta tshianza tshia balume, mkono wa wanaume, na tshianza tshia bakaji, mkono wa wanawake. Kilingala kinasema mobali na mwasi vilevile. Mwaka 1909 msomi Mfaransa Robert Hertz aliandika kwamba jamii ndiyo iliyoufanya mkono wa kulia kuwa mtukufu na wa kushoto kuwa duni. Kuhusu majina, nadhani alipatia. Kuhusu mikono yenyewe, mwili unaanza mapema kuliko jamii. Mtafiti Peter Hepper na wenzake kule Belfast waliwatazama kwa mashine watoto wangali tumboni, wakinyonya kidole gumba. Walipowarudia watoto 75 kati yao wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 12, 60 waliokuwa wakinyonya gumba la kulia wote walitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 wa gumba la kushoto, 10 walibaki na kushoto. Na uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliojumlisha watu zaidi ya milioni mbili, ulipata wenye shoto asilimia 10.6. Hesabu hiyo inafika darasa lolote la hapa Lubumbashi, Katuba au Ruashi: kwenye wanafunzi 50 tarajia watano hivi, ingawa ukitazama mikono iliyoshika kalamu huenda ukawaona wachache kuliko hapo, maana baadhi wamekwisha kuhamishwa kwa fimbo.

Mikono ikishapata majina, dunia nayo inapimwa kwayo. Mwarabu wa kale alisimama akilitazama jua linapochomoza, na hivyo kushoto kwake kukawa kaskazini: shimal ni vyote viwili. Yamin ni kulia, na nchi ya Yemen, iliyo kusini, ina shina hilohilo. Benyamini wa Biblia ni mwana wa mkono wa kulia. Cha kuchekesha ni kwamba kitabu cha Waamuzi, kinapotaka kutuonyesha mashujaa wenye shoto, kinawatoa kabila hilohilo: Ehudi, na baadaye wapiga kombeo 700.

Kiswahili kilichukua mashariki na magharibi kutoka kwa Waarabu hao, maneno ya jua kuchomoza na kuzama. Lakini kwa pande mbili zilizobaki mabaharia waliutazama upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ukileta majahazi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuyarudisha. Ongeza -ni, umepata kaskazini na kusini. Wanyamwezi, ambao Msiri aliondoka kwao katika karne ya 19 akaja kutawala Bunkeya, huku Katanga, walikuwa na utaratibu wao: sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini, na hivyo Wasukuma ni watu wa kaskazini tu, wametajwa na jirani aliye upande wa pili. Misafara ya wakati huo ilileta Kiswahili Katanga, pamoja na pepo zake mbili za bahari, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka maji ya chumvi ya karibu.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba hapa kusini ni neno lililopotea njia, tanga lisilo na mtumbwi. Nilikosea. Kusi ni mwendelezo wa upepo wa kusini-mashariki wa Bahari ya Hindi, na upepo wa upande huohuo ndio unaotawala uwanda wetu wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ule unaotufanya tuvae makoti asubuhi za Juni. Tanuri la shaba la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Kwa miongo mingi moshi wake, wenye gesi ya salfa na vumbi la metali, ulisukumwa na upepo huo upande mmoja kuliko pande nyingine, ukaua miti na kuichosha ardhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamelipima eneo hilo na kujaribisha nyasi zinazoweza kuota humo. Kwenye ramani zao linaonekana kama pembe: ncha yake iko kwenye bomba kubwa la moshi karibu na mlima wa masalio meusi, na mdomo wake umefunguka kuelekea kaskazini-magharibi.