Je, Wajua? Likizo Ndefu, Fedha Kidogo na Kazi Kubwa za Sanaa

Ikifika Julai na Agosti, kipupwe kikiwa kimeshika Dar es Salaam, Mwananyamala hupokea vijana wake waliokuwa vyuoni. Wapo wanaoondoka asubuhi kwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo. Wapo wanaomshikia mama duka pale Komakoma au kukaa kwenye kibanda cha uwakala Kwa Kopa. Na wapo wanaosoma fasihi, historia, isimu au sanaa za maonyesho, waliorudi na wazo kichwani: kuandika tamthilia, kurekodi masimulizi ya wazee, kutengeneza filamu fupi. Swali lao ni moja: nani atalipia? Yafuatayo ni mambo ambayo kijana wa aina hiyo, na mzazi wake pia, anafaa kuyajua.

Je, wajua kwamba likizo ya chuo iliwahi kuzaa jukwaa linalotembea?
Katikati ya miaka ya 1960, wanafunzi wa Makerere pamoja na mwalimu wao David Cook walianzisha Makerere Free Travelling Theatre. Likizo ndefu ilipoanza, badala ya kutawanyika makwao, walipakia vifaa na kuzunguka miji na vijiji vya Uganda na Kenya wakionyesha michezo bure, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1974 John Ruganda alianzisha jukwaa kama hilo Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtazamaji hakudaiwa senti, lakini petroli, chakula na malazi ya waigizaji vilipaswa kulipiwa na mtu. Hapo ndipo umuhimu wa mfadhili unapoonekana.

Je, wajua kwamba baadhi ya vitabu tunavyovisoma shuleni vina mizizi kwenye madawati ya wanafunzi?
Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Makerere alipoandika muswada kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau. Muswada huo ndio ulioboreshwa na kutoka mwaka 1965 kwa jina *The River Between*. Mchezo wake *The Black Hermit* ulionyeshwa Kampala mwaka 1962, angali mwanafunzi. Kabla yake, Julius Nyerere akiwa Makerere alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa insha iliyochukua hoja za John Stuart Mill kuhusu haki za wanawake na kuzipima katika jamii za Tanganyika. Euphrase Kezilahabi alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na *Rosa Mistika* ikachapwa mwaka uliofuata. Hawa walikuwa vijana wa umri wa wale wanaoshuka kwenye daladala pale Makumbusho na begi mgongoni.

Je, wajua kwamba kuna bibi aliyeadhimisha miaka 100 kwa kuwapa wanafunzi dola milioni moja?
Mwaka 2007 Kathryn Wasserman Davis wa Marekani alitimiza umri wa miaka 100. Akatoa fedha za miradi 100 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, kila mmoja dola 10,000, ili watumie likizo yao kutekeleza jambo la amani walilolibuni wenyewe. Mpango huo, Projects for Peace, unaendelea hadi leo. Familia hiyohiyo hufadhili masomo ya vyuoni Marekani kwa wahitimu wa shule za United World Colleges, na moja ya shule hizo iko kwetu: UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, iliyojiunga na mtandao huo mwaka 2019. Njia ya kufikia fedha hizo inaweza kuanzia chini ya Kilimanjaro.

Je, wajua kwamba ipo ruzuku inayomkataza aliyeipata kurudi nyumbani?
Thomas J. Watson Fellowship, iliyoanza mwaka 1968, humpa mhitimu wa vyuo vichache vya Marekani mwaka mzima wa kufuatilia jambo alilolichagua mwenyewe nje ya nchi yake. Haruhusiwi kukanyaga nyumbani mpaka mwaka uishe. Chuo Kikuu cha Stanford nacho kina ufadhili wa Chappell Lougee kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wenye miradi yao ya sanaa na insia, yaani masomo kama fasihi na historia. Wanaotoa fedha hizi wanaanza kwa kumwuliza kijana anataka kujua nini, kisha wanamwamini.

Je, wajua fedha za field zinamfuata nani?
Hapa Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mbali na ada na fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita boom, mkopo unaweza kugharimia mafunzo kwa vitendo. Fedha hizo zinafuata programu ya masomo: kama kozi yako haina field, huna fungu hilo, hata kama una wazo zuri namna gani. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, inawalenga waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Ni jambo jema kabisa, na nchi inawahitaji wahandisi na madaktari. Lakini mwanafunzi wa fasihi aliyepata alama za juu naye anatazama mlango huo na kuona haukujengwa kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina tuzo nzuri zinazoweza kushindaniwa na kijana yeyote?
Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilitokana na fedha alizoziacha Gerald Belkin, mtengenezaji filamu wa Kanada, na humuenzi mwandishi wa *Kinjeketile*. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imewahi kugawa dola 15,000 katika shindano moja kwa miswada ya Kiswahili. Mwaka 2015 Mohammed Khelef Ghassani wa Zanzibar alishinda kwa diwani yake *N'na Kwetu*.

Tuzo hizi zote, hata hivyo, hulipa kazi iliyokwisha kukamilika. Anayeishi chumba kimoja na wadogo zake wanne, anayeandikia kwenye simu, hajafika kwenye mstari wa kuanzia. Yeye anahitaji fedha kabla ya muswada: za kumpa muda, meza na utulivu.

Je, wajua kwamba kuna milango karibu na Mwananyamala?
Mikocheni ipo Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako makontena ya meli yamegeuzwa kuwa karakana za wachoraji na wachongaji, na ambako vijana hupata mafunzo ya sanaa. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila mbalimbali. Kwa mwanafunzi wa historia hiyo ni maktaba ya udongo na makuti. Manispaa ya Kinondoni, kama halmashauri nyingine, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana walio katika vikundi. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkopo unarejeshwa, kwa hiyo unalifaa kundi lenye kazi inayouzika, kama studio ndogo au upigaji picha za harusi. Hadithi fupi ya kwanza ya mtu haiwezi kubeba deni.

Je, wajua kinachowafanya wafadhili waseme ndiyo?
Tuchukue mwanafunzi anayetaka kurekodi wazee wa Mwananyamala waliocheza muziki wa Mlimani Park, Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978. Andiko dhaifu litasema, "Nitahifadhi utamaduni wetu." Andiko zuri litasema atazungumza na wazee gani, nani ameshakubali, ataanza wiki ipi na kumaliza ipi. Mchanganuo wa bajeti utataja nauli ya daladala, bando, kadi ya kuhifadhia sauti, asante ya wazee, na gharama ya kuchapa nakala pale steshenari. Mwishoni litaonyesha rekodi zitawekwa wapi ili mtaa wenyewe uzisikie. Mfadhili hutaka kuona umeshaanza kutembea.

Je, wajua kwamba kazi kubwa haihitaji mtaji mkubwa?
Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam kwa vipande vya mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne ilitosha kuacha mtindo wenye jina lake, unaolisha familia hadi leo.

Basi chuo kinachotenga mamilioni kwa mahafali kinaweza kutenga fungu dogo la likizo kwa wanafunzi kumi wa sanaa. Manispaa inaweza kuwa na dirisha la ruzuku kando ya lile la mikopo. Mfanyabiashara wa Kinondoni anayedhamini bonanza la mpira anaweza kudhamini tamthilia moja. Na kijana, usisubiri tangazo: andika ukurasa mmoja wa wazo lako wiki hii, umpe mwalimu wako asome, kisha gonga mlango wa kwanza katika hii iliyotajwa.