Vyungu vya Watwa: Kwa nini ufinyanzi wa Burundi unafifia?

Katika Makumbusho ya Taifa mjini Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, vyombo vya udongo huhifadhiwa kama kumbukumbu ya maisha ya Warundi wa zamani. Hata hivyo, kwa familia nyingi za Watwa, kuanzia Gitega hadi Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, chungu si kumbukumbu bali ni riziki, na riziki hiyo inazidi kupungua.

Chungu hutengenezwaje?

Mfinyanzi huchimba udongo bondeni, huuponda na kuutoa mawe, kisha huufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Vyungu vikishakauka, hupangwa juu ya ardhi na kuchomwa kwa nyasi na kuni. Kwa kuwa moto huo wa wazi haufikii joto la tanuri, udongo hubaki na vitundu vidogo mno. Maji hupenya humo, yakawa mvuke kwa nje na kuondoka na joto; ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi.

Nini kimebadilika?

Kwanza ni soko: sufuria za alumini na ndoo za plastiki ni nyepesi na hazivunjiki upesi. Pili ni ardhi. Watwa, wanaokadiriwa kuwa takriban asilimia 1 ya wananchi, wengi wao hawana mashamba, na mabonde mengi yenye udongo sasa yanalimwa mpunga na mazao mengine. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti 3 katika Baraza la Taifa na 3 katika Seneti, lakini kiti bungeni hakimpi mfinyanzi ruhusa ya kuchimba katika bonde linalolimwa na mwingine.

Je, ipo njia?

Italia ilipitia njia yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mjini Montelupo Fiorentino, karibu na Florence, msanii Aldo Londi wa kiwanda cha Bitossi alibuni vyombo vya buluu vyenye alama zilizogongwa kwa mkono. Vilinunuliwa hadi Marekani, si kwa kupikia bali kwa kupamba nyumba.

Londi alikuwa na tanuri, rangi na wanunuzi wa ng'ambo. Mfinyanzi wa Kitwa ana ujuzi wa mikono, na pambo pia linaweza kumpa soko. Lakini kabla ya soko, anahitaji bonde la kuchimba udongo.