Tunda la mninga mkononi mwa mtoto asiyeona

Mwezi wa Agosti, miombo ikiwa imepukutisha majani, mninga hubaki na matunda yake matawini. Ukitoka Tabora mjini kwenda Sikonge utayaona yakining'inia, na mengine yameanguka chini. Tunda hilo ni duara bapa, upana wake sentimita 10 hivi. Ukingo ni mwembamba na mkavu, huchakarika ukiguswa. Katikati pana kifuko kigumu chenye miiba myembamba. Kwa ukubwa wake ni jepesi mno. Vichezeo vingi vya plastiki vinavyouzwa sokoni vina uso mmoja laini na harufu ile ile. Tunda hili lina nyuso mbili zinazopingana, lina sauti, na linaokotwa bure, kwa hiyo linamfaa mtoto anayecheza kwa kugusa.

Tabora ina historia ndefu ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu. Shule ya viziwi iliyoanzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963 ndiyo ya kwanza nchini, na Shule ya Msingi Furaha inajulikana kwa kuwapokea watoto wasioona. Lakini katika miaka ya kabla ya shule mtoto yuko nyumbani, na mwenye ulemavu mara nyingi amelazwa mkekani akiangalia paa, au asiangalie chochote. Miaka hiyo ndiyo ubongo unajengeka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Ubongo nao hauachi eneo lake lolote likae bure. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba watu waliopoteza uwezo wa kuona utotoni wanaposoma nukta nundu kwa vidole, eneo la ubongo linaloshughulikia kuona huamka na kufanya kazi. Miaka miwili baadaye watafiti wa Finland walimpima mtu mzima aliyezaliwa kiziwi, wakakuta mtetemo unaopitishwa kwenye kiganja chake unaamsha eneo la kusikia. Ndani ya ngozi mna vipokezi vya namna nyingi: vingine hutambua mkwaruzo, vingine mgandamizo, na vile vilivyo ndani zaidi hunasa vizuri mitetemo ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Kwa hiyo mtoto kiziwi anayekumbatia ngoma huku kaka yake akiipiga anapokea mdundo kifuani na viganjani. Ngoma hiyo ni kichezeo chake halali, na hapa Unyamwezini hakuna upungufu wa ngoma.

Ugumu uko kwenye namna ya kukitengeneza kichezeo. Lilli Nielsen, mwalimu na mwanasaikolojia wa Denmark aliyefanya kazi na watoto wasioona, aliona jambo ambalo wazazi wengi hulipita: kwa mtoto asiyeona, kitu kikimponyoka kimetoweka kabisa. Hajui kiko wapi, wala hajui kwamba bado kipo. Akiletewa tena na mtu mzima, anajifunza kwamba vitu huja na kuondoka kwa hiari ya wengine. Nielsen akabuni kijumba kidogo kisicho na sakafu, vitu vimefungwa juu na pembeni, kila kimoja mahali pake pasipobadilika. Mtoto akinyoosha mkono leo akagusa kitu kinacholia, kesho atakikuta palepale. Hapo anagundua kwamba mkono wake una uwezo wa kuleta sauti duniani. Naamini huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote ambao kichezeo kinaweza kumpa mtoto yeyote, na ndiyo maana vichezeo vya betri vinavyolia vyenyewe sivipi uzito.

Fundi seremala wa Tabora anaweza kuunda kijumba hicho kwa vipande vya mbao vinavyobaki karakanani. Apige msasa mpaka pasibaki kibanzi, kisha apake nta ya nyuki badala ya vanishi, kwa sababu mtoto ataweka mdomo. Kazi ya msasa ifanyike mbali na watoto; vumbi la mninga huwasha ngozi na kusumbua kifua. Juu afunge kibuyu kidogo chenye mbegu ndani, kilichozibwa imara. Afunge tunda la mninga lililokatwa miiba. Afunge kokwa la embe ya kienyeji, lililochemshwa na kukaushwa hadi nyuzi zake zisimame. Miembe mikongwe ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji, inaangusha makokwa kila msimu na hakuna anayeyajali. Kitu kingine kiwe donge la nta: lina harufu ya asali, na hulainika taratibu kwa joto la kiganja. Kamba ziwe fupi, zisiweze kuzunguka shingo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji jambo moja la awali, nalo ni mkao. Mwili usioegemezwa hutumia nguvu zote kupambana na kuanguka, mikono haibaki huru. Huko Zimbabwe, Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya watoto hao kwa karatasi chakavu na gundi ya unga, na hapa karatasi na unga vipo. Mwenye usonji naye hutofautiana na mwenzake: mmoja hutafuta kelele za kibuyu, mwingine huziba masikio. Tumfuate yeye.

Kuna vitu vya mwituni vya kuogopa. Mbegu za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zina sumu kali inayoua. Kitu chochote chenye upana chini ya sentimita 4 kisifike mkononi mwa mtoto anayeweka vitu mdomoni. Na nta isiyosafishwa asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa mabaki ya asali yanaweza kubeba vijidudu vinavyoleta kupooza kwa mtoto mchanga.

Vichezeo hivi haviponyi usonji wala mtindio wa ubongo. Hata tiba ya hisi aliyoiasisi Mmarekani A. Jean Ayres, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba ushahidi wake bado ni mchache. Anayemuuzia mzazi kichezeo kama dawa anamdanganya.

Mzazi anapomlaza mtoto chini ya kijumba, asimshike mkono kuupeleka kwenye kibuyu. Amguse bega ajue yupo, kisha anyamaze. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuchukua muda mrefu kati ya kutaka kusogeza mkono na mkono kusogea. Ikipita wiki bila mtoto kugusa kitu, vitu vishushwe karibu zaidi, au visogezwe upande wa mguu, kama mguu ndio unaotii.