Hewa Juu ya Wimbo: Siri ya Mng'aro wa Miksi

Wimbo umesharekodiwa. Ngoma zipo, besi ipo, mwimbaji hakukosea hata neno, lakini muziki umepooza. Sauti inatoka kama iliyofunikwa blanketi na matoazi hayachangamki. Prodyuza anafungua ikwalaiza kwenye kompyuta, anashika kitufe cha masafa ya juu na kukizungusha kidogo tu. Mara pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya ubeti inasikika, na ukucha unaogusa uzi wa gitaa nao unasikika. Watu wa studio huuita mng'aro huo "hewa".

Jina hilo linafaa, kwa sababu huko juu hakuna noti za kuimbika. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, lakini noti ya mwisho kabisa upande wa kulia wa piano haizidi hezi 4,200. Kinachokaa juu ya hezi 10,000 ni viambata vya sauti: msisimko wa toazi baada ya kupigwa, mkwaruzo wa uzi, pumzi, na mwangwi mwembamba wa chumba. Ukiviondoa, wimbo bado utatambulika. Ukivipandisha kwa kipimo, msikilizaji huhisi mwimbaji amesogea karibu naye.

Mashine za kufanya kazi hiyo ni za zamani kuliko kompyuta za studio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eugene Shenk na Ollie Summerland wa kampuni ya Pulse Techniques, jimboni New Jersey, Marekani, walitoa ikwalaiza ya vali ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Pultec. Toleo lake maarufu, EQP-1A, lilimruhusu fundi kupandisha masafa ya juu katika vituo kadhaa hadi hezi 16,000. Lilipendwa kwa sababu lilipandisha kwa upole, bila kuchoma sikio. Leo mashine halisi ni ghali, lakini kampuni nyingi huuza plagini, yaani programu ndogo za kompyuta, zinazoiga tabia yake, vitufe vyake na hata rangi yake.

Jina jingine lisilokosekana kwenye mazungumzo haya ni la Cliff Maag, Mmarekani aliyebuni ikwalaiza zenye kitufe maalumu cha hewa. Kwenye Maag EQ4, kitufe hicho kinafika hezi 40,000, yaani mara mbili ya kikomo cha sikio la binadamu. Je, kuna faida gani kupandisha kitu asichokisikia mtu? Jibu ni kwamba kitufe hakiinui nukta moja. Kinainua mteremko mrefu unaoanzia chini kabisa ya hapo na kupanda taratibu. Kilele hakisikiki, lakini sehemu ya chini ya mteremko imo ndani ya masafa tunayoyasikia, na kwa kuwa unapanda polepole, sauti hung'aa bila kuwa kali.

Njia ya tatu ilipatikana kwa ujanja. Katika miaka ya 1960, Ray Dolby alitengeneza mfumo wa Dolby A wa kupunguza mvumo wa kanda. Wakati wa kurekodi, mfumo huo hupandisha sauti dhaifu. Wakati wa kucheza, huzishusha tena, na mvumo hushuka pamoja nazo. Baadhi ya mafundi waligundua kwamba wakifanya nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, sauti ya mwimbaji hubaki na uhai wa ajabu huko juu. Siku hizi plagini ya bure ya Slate Digital iitwayo Fresh Air, yenye vitufe vikubwa viwili tu, nayo hupandisha masafa ya juu kwa kufuata nguvu ya sauti inayoingia.

Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Herufi "s" na "sh" hupiga kwa nguvu kati ya hezi 5,000 na 8,000, na Kiswahili kina "s" na "sh" za kutosha. Mteremko ukianzia chini mno, kila "shika" na "sasa" itachoma masikio. Ndiyo maana plagini ya kupunguza makali ya "s" mara nyingi hutumika pamoja na ikwalaiza. Tena, kupandisha masafa yoyote huongeza sauti kwa jumla, na sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi. Fundi makini hushusha kiwango cha sauti inayotoka hadi kilingane na cha awali, kisha huizima na kuiwasha plagini ili kulinganisha. Hapo ndipo hugundua kama kweli ameongeza mng'aro au ameongeza kelele tu.

Lipo pia suala la safari ya wimbo. Redio ya FM hubeba muziki hadi hezi 15,000 hivi, kwa kuwa kwenye 19,000 kuna mlio unaoongoza stirio. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukatwa karibu na hezi 16,000. Mng'aro uliowekwa juu ya hapo hautamfikia msikilizaji wa redio kwenye daladala wala anayecheza faili kama hiyo kwenye simu.

Kwa hiyo wengi huanzia kwingine kabisa: hupunguza kidogo uzito ulio karibu na hezi 300, unaofunika kila kitu, kabla ya kuongeza desibeli 1 au 2 kuanzia hezi 10,000 au 12,000. Kisha huweka wimbo wa kulinganishia kwa sauti ileile, na kusikiliza nyimbo zote mbili kwenye spika za studio, kwenye simu, na tena kesho yake asubuhi masikio yakiwa yamepumzika.