Usugu wa dawa: kirusi nacho hulipa gharama

Mtu anayeishi na VVU akiambiwa kwenye kliniki ya matunzo na tiba (CTC), iwe Temeke au Mwananyamala, kwamba wingi wa virusi vyake haushuki, swali la kwanza huwa ni hili: je, dawa imeshindwa? Tusikimbilie kulijibu.

Tangu 2019 wengi nchini Tanzania wamehamia mchanganyiko wenye dolutegravir. Wanaohitaji dawa za mstari wa pili, baada ya zile za kwanza kutofaa, wamekuwa wakipewa atazanavir au lopinavir, zikisindikizwa na ritonavir ili zikae mwilini muda mrefu zaidi. Dawa hizi hulenga protiezi, kimeng'enya ambacho kwa kirusi ni mkasi.

Ndani ya seli, protini za kirusi hutengenezwa zikiwa zimeungana katika minyororo mirefu, mmojawapo ukiitwa Gag. Protiezi ina nusu mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na asidi amino 99, na hukata minyororo hiyo mahali maalumu. Isipokatwa, kirusi hutoka kichanga, hakiwezi kuambukiza seli nyingine. Dawa huziba tundu la katikati, pale Gag inaposhikwa.

VVU hujinakili kwa makosa mengi. Kosa likigusa nafasi ya 82, valini ikawa alanini, tundu hupanuka na dawa hulegea. Lakini tundu hilohilo ndilo linaloshika Gag, hivyo ukataji nao hudhoofu. Ndipo Gag nayo hubadilika, mathalani kwenye nafasi ya 431, ili ikatwe vizuri na mkasi mpya.

Sehemu zinazokatwa hazifanani kwa mpangilio wa asidi amino. Zinafanana kwa umbo zinapokaa ndani ya tundu. Timu ya Celia Schiffer wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, ilionyesha kuwa dawa inayochomoza nje ya umbo hilo hukwepwa kwa urahisi. Darunavir, dawa ya mstari wa tatu, hukaa karibu yote ndani ya umbo hilo. Kuikwepa kunahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja.

Kwa hiyo usugu haupatikani bure. Tafiti za Afrika zimekuta kwamba wengi ambao mstari wa pili haukuwafaa hawana mabadiliko makubwa ya protiezi. Dawa haikufika mwilini ipasavyo. Nauli ya kutoka Mbagala, zamu za kazi, njaa na kuficha vidonge nyumbani vina nguvu kuliko kosa la jeni.

Kipimo cha usugu kitangulie kubadilisha dawa, na kitangulie lawama pia. Asiye na mabadiliko hayo anahitaji msaada wa kumeza dawa kila siku, si dawa ghali zaidi. Aliye nayo anahitaji dawa sahihi mapema, kabla kirusi hakijaurekebisha zaidi mkasi wake. Kuwaita wote wawili watoro ni kuwanyima tiba.